Kwa nini filamu ya eksirei iliwekwa kwenye friza? Jibu kwa mdau aliyeokota filamu kabatini

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kwa nini makala za miaka ya themanini zinaandika "filamu iliachwa siku tano kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri", je, ni ili DNA isioze, kama kuiacha muda mrefu zaidi kunasaidia, na ile michoro kama mizizi ukingoni mwa filamu uliyotupigia picha ni nini.

DNA haihusiki kabisa na baridi ile. Baridi ni ya filamu. Nilifanya kazi hii, ya kuionyesha DNA kwenye filamu ya eksirei kwa mnururisho, miaka kadhaa nikiwa fundi sanifu katika maabara ya magonjwa ya mifugo, tukitofautisha aina za Theileria parva, kijidudu cha ndigana kali. Nilikuwa nagandisha kila kaseti, yaani boksi bapa la kufungia filamu, kwa mazoea kwa sababu niliwakuta wenzangu wanafanya hivyo. Siku nilipoelewa sababu, kazi yangu yote ilibadilika, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Filamu inapokuja kutumika, DNA imeshakatwa, imetembea kwenye jeli, imehamishiwa kwenye utando wa nailoni. Kwa macho huoni kitu. Unaulowesha utando kwenye maji yenye vipande vya DNA vilivyotiwa fosforasi-32, yaani fosforasi yenye mnururisho, vinanasa pale penye mfuatano unaooana navyo, vilivyobaki unaviosha. Unauzungushia plastiki nyembamba, unaingia chumba cha giza, taa nyekundu tu, unalaza filamu juu yake na kufunga kaseti. Kuanzia hapo utando unajipiga picha wenyewe. Ndilo lililomtokea mwanafizikia Becquerel kule Paris mwaka 1896, chumvi za urani zilipotia weusi bamba la picha lililofungwa ndani ya karatasi nyeusi.

Filamu imejaa chembe ndogo sana za bromidi ya fedha. Elektroni ya beta, ile inayorushwa na fosforasi-32, ikipita ndani ya chembe inaachia nishati nyingi kwa mpigo mmoja, na chembe hiyo tayari imeiva: ukiitia dawa ya kusafishia picha inageuka fedha nyeusi. Kwa mpigo wa namna hii friza haiongezi kitu.

Ila fosforasi-32 ina nguvu mno. Beta zake zinafikia MeV 1.7 (MeV ni kipimo cha nishati), na nyingi zinatoboa filamu zikaenda zake. Ndipo tukaweka skrini ya tungsteti ya kalsiamu nyuma ya filamu. Beta iliyopita inagonga skrini, skrini inatoa mwanga wa buluu, mwanga unarudi kwenye filamu. Sasa hapa tulia usome taratibu, maana mwanga haufanyi kazi kama beta. Fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, inazaa atomi moja tu ya fedha ndani ya chembe, na atomi hiyo ikiwa peke yake haidumu. Kwenye joto la chumba inarudi ilivyokuwa ndani ya muda wa kama sekunde moja. Fotoni ya pili ikichelewa, inakuta ya kwanza imeshapotea na chembe inaanza upya. Mwanga wa skrini ni hafifu, fotoni zinakuja mojamoja kwa kuachana sana, kwa hiyo nyingi zinapotea bure. Baridi kali inaifanya ile atomi ya kwanza ikae ikisubiri mwenzake.

Watafiti Laskey na Mills wa Cambridge walilieleza hili vizuri mwaka 1977. Skrini, baridi, na mmweko mfupi wa kuimulika filamu kabla ya kuitumia, vyote pamoja viliongeza picha ya fosforasi-32 takriban mara kumi. Mmweko ule unazipa chembe mwanzo wao, ndiyo maana bila huo mistari ya DNA iliyo hafifu inatoka hafifu kuliko inavyostahili. Wengi waliiruka hatua hiyo. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani na mtu anadai mstari huu ni nusu ya ule kwa kulinganisha weusi, muulize kwanza kama filamu ilimulikwa.

Mimi nilifunzwa na salfa-35, salfa yenye mnururisho. Nilikuwa na jeli ya protini zilizotiwa salfa hiyo, nikaizungushia plastiki ikiwa bado mbichi, nikaweka skrini, nikaitia friza wiki nzima. Ikatoka karibu tupu. Nikarudia, nikapoteza wiki nyingine, huku nikilaumu dawa. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza swali moja tu: beta ya salfa itafikaje kwenye skrini? Nguvu yake ya juu kabisa ni MeV 0.167. Nyingi ziliishia kwenye maji ya jeli na plastiki, na chache zilizofika ziliishia kwenye filamu yenyewe. Nikakausha jeli, nikatoa plastiki, nikatoa skrini, nikaigusanisha filamu na jeli mezani kwenye joto la kawaida. Siku ya pili mistari ikaonekana.

Tritiamu, haidrojeni yenye mnururisho, ni dhaifu zaidi, MeV 0.0186, beta zake hazitoki hata ndani ya jeli. Hapo unailowesha jeli kwa dawa inayotoa mwanga ikigongwa, kisha friza inarudi kuwa lazima, kwa kuwa ni mwanga tena. Na udhaifu huo una faida yake. Mtafiti Cairns mwaka 1963 aliacha DNA ya bakteria E. coli yenye tritiamu chini ya filamu kwa takriban miezi miwili, na kwa vile beta haziendi mbali, uzi wa zaidi ya milimita moja ulichoreka wazi, nao ni duara.

Kuhusu muda: nusu-uhai wa fosforasi-32, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni siku 14.3. Baada ya wiki mbili umeshapata nusu ya mipigo yote utakayowahi kupata, na baada ya mwezi, robo tatu, huku ukungu wa filamu, ule weusi wa ovyo, nao ukipanda. Mimi nilianza na usiku mmoja, nikaangalia, ndipo nikaweka filamu ya pili kwa muda ninaoujua.

Ile mizizi ukingoni si DNA. Ni umeme tuli. Mtu alikuwa na haraka, akachomoa filamu kwa nguvu kaseti ikiwa bado ya baridi. Ilitakiwa ikae nje ikiwa imefungwa mpaka iishiwe baridi yake, ndipo ifunguliwe gizani polepole.