Pikipiki ya safari ndefu ikianza kuyumba au kukosa nguvu, anzia hapa

Wadogo zangu mnaoanza safari ndefu na pikipiki kubwa, nimeona niandike haya maana kila siku naona watu wanapita njia ile ile niliyopita mimi. Pikipiki ikiyumba mtu anakimbilia kununua shokapu mpya, ikikosa nguvu anafungua injini, alafu baadae inakuja kujulikana tatizo lilikuwa sehemu nyingine kabisa, tena mara nyingi limeanza siku ulipoipakia mizigo au siku ulipoishika mwenyewe ukaifanyia sevisi. Kwa hiyo kabla hujashika spana jiulize, tangu ilipokuwa nzima nimebadilisha nini?

Anza na upepo wa tairi, na nasema hivi kwa uchungu kabisa. Nilishahangaika wiki nzima na pikipiki iliyokuwa inatikisa mkia kwenye kona ndefu nikiwa na abiria na maboksi yote matatu. Nikakaza springi ya nyuma mpaka mwisho, ikawa ngumu balaa na bado inayumba, nikaamini shokapu imekufa. Kumbe tairi ya nyuma ilikuwa na psi 28 wakati kitabu cha pikipiki kinataka 42 ukiwa na mzigo kamili. Pima tairi ikiwa baridi, ukishatembea nayo namba inapanda na itakudanganya. Alafu pitisha kiganja juu ya meno ya tairi ya mbele, ukikuta yameliwa upande mmoja kama ngazi ngazi basi hiyo peke yake inatosha kutikisa hendeli ukiachia mafuta ukiwa kwenye spidi ya 70 hivi kushuka chini.

Boksi la nyuma nalo. Uzito ukikaa juu na nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na spidi ikipanda pikipiki inaanza kucheza kama samaki. Vitu vizito weka kwenye maboksi ya pembeni, chini, mbele kadri inavyowezekana, la juu libaki na koti la mvua na vitu vyepesi. Soma pia uzito ulioandikwa ndani ya boksi, ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa springi, na hapa naomba utulie maana wengi wanapachanganya. Kule kuzungusha kunakokaza springi hakuifanyi springi iwe ngumu, kunachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki inakaa ukishapanda. Namna ya kujua umekaa sawa ni kupima mara tatu: tairi ya nyuma ikiwa inaning'inia, pikipiki ikisimama kwa uzito wake yenyewe, na wewe ukiwa juu na mzigo wako wote wa safari. Pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu mpaka alama moja kwenye bodi, mwenzako akushikie. Toa kipimo cha ukiwa juu kwenye kile cha kuning'inia, jibu liwe karibu asilimia 30 ya safari yote ya shokapu, yaani kama shokapu inaruhusu tairi itembee milimita 120, ikae chini kama milimita 36 hivi. Na hiki ndo watu hawakiangalii: ukipata hiyo 36 lakini pikipiki ikiwa tupu haikai chini hata kidogo, springi yako ni laini mno kwa uzito wako, umeikaza mpaka imeishiwa, na hakuna skrubu itakayokusaidia, hapo ni kubadilisha springi.

Ribaundi, yaani kasi ya shokapu kurudi juu baada ya kubonyea, ni kitu kingine. Bonyeza siti kwa nguvu alafu achia, inatakiwa irudi juu mara moja itulie. Ikirudi ikapitiliza ikacheza tena, mafuta ya ndani yamechoka au skrubu imefunguliwa sana. Ikirudi kwa kujivuta, umeifunga sana, na kwenye mashimo yanayofuatana shokapu inashindwa kurudi inazidi kuzama, mtu anadhani springi ni laini kumbe imebanwa. Kabla hujagusa skrubu ifunge taratibu mpaka igote ukihesabu kliki, uandike, ndo uirudishe, alafu ubadilishe kliki mbili tu kwa wakati mmoja upite barabara ile ile. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja hutojua kipi kimeponya.

Mbele, ukiona duara la mafuta kwenye bomba la shokapu, wakati mwingine ni uchafu umeingia chini ya mdomo wa sili na kipande chembamba cha plastiki kinautoa. Ila mafuta yakishafika kwenye diski ya breki usitembee nayo, simama hapo hapo. Beringi za stelingi zikague kwa kuinua tairi ya mbele na kugeuza hendeli polepole, ukihisi inashikwa katikati kama imeingia kwenye kijishimo, zimeisha.

Cheni iko katikati ya shokapu na injini. Cheni iliyokazwa sana ukiwa haujapakia, ukishakaa na abiria inavutika kama kamba, shokapu inashindwa kutembea, inakula beringi na sproketi, na wewe unasema nyuma kumekuwa kugumu na pikipiki imekuwa nzito. Legea yake ifuate kitabu.

Tuje kwenye injini. Nilishawahi kuwa na pikipiki inatembea vizuri dakika arobaini alafu inaanza kukata kata, inazima, nikikaa kidogo inawaka tena kama haina kitu. Nikabadilisha plagi, nikasafisha filta ya mafuta, nikafikiria pampu. Siku moja ilipozima nikafungua kifuniko cha tenki, ikavuta hewa kwa sauti, fyuuu, ikawaka papo hapo. Nilipokuwa nabadilisha filta ya hewa nilikuwa nimenyanyua tenki, na nilivyolirudisha nikaukunja mpira mdogo wa kupumulia. Tenki lisipoingiza hewa mafuta hayashuki. Kwa hiyo ikizima njiani fungua kifuniko kwanza kabla hujafungua kitu kingine.

Injini ikiwa inaunguruma bila kuvuta mafuta, mlio ukipanda wenyewe na kushuka, kagua mipira inayounganisha injini na njia ya hewa, ikipasuka hewa inaingia pasipopimwa. Ikizima ghafla kabisa kama imezimwa na swichi, angalia ile swichi ya stendi ya pembeni, matope yanaiharibu. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6 hivi, na ukivuta mafuta kidogo ipande mpaka 13.5 hadi 14.5, ikibaki 12 na kitu basi chaji haiji na utaanza kuona injini inamisi ukiwasha taa zote.

Rpm, yaani mizunguko ya injini, zikipanda na spidi haipandi, hasa kwenye gia ya juu ukiwa na mzigo mlimani, injini yako ni nzima, klachi ndo inateleza. Kagua kama waya wake una nafasi ya kucheza kidogo, na kumbuka oili uliyomwaga mara ya mwisho, maana klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini na oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano inaitelezesha. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, ndo alama ya oili inayofaa klachi za aina hiyo.

Na valvu, ile milango ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi, msisubiri zipige kelele. Inayopiga kelele imelegea, ile hatari ni iliyobana maana iko kimya kabisa, asubuhi inakuwa ngumu kuwaka na nguvu inapungua kidogo kidogo mpaka unaizoea, huku valvu ya ekzosi haifungi vizuri na inaungua. Nafasi zake zipimwe injini ikiwa baridi, kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, hata kama pikipiki inatembea vizuri.