Pima robota kwanza: gharama ya kulisha ng'ombe wachache kwa mwaka

Siku ya 64 tangu nianze kulisha hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ghala langu lilikuwa tupu. Sakafuni palibaki vumbi la hei na kamba za marobota, yale mafungu yaliyokazwa kwa mashine. Nje, ng'ombe watano walikuwa wameegemeza vichwa kwenye uzio wananitazama kama wanaonidai. Nilikuwa nimenunua marobota 300 nikiamini yatanivusha miezi mitano ambayo malisho hayaoti. Aliyeniuzia aliniambia bila kupepesa macho: "Ng'ombe watano, marobota mawili kwa siku, wanashiba." Mawili mara siku 150, jumla 300. Nikalipa taslimu na kurudi nyumbani nikijiona mtaalamu.

Wiki ya kwanza nilitoa mawili kama nilivyoambiwa. Usiku walilia hadi majirani wakauliza kama kuna anayeumwa. Nikaongeza hadi matano, wakatulia, na ghala likaanza kushuka mbele ya macho yangu. Mwisho nilimuuza ng'ombe mmoja, tena wakati ambao kila mtu aliyeishiwa malisho naye alikuwa anauza. Bei yake siitaji hapa, inaniuma mpaka leo.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila robota si kipimo. Baada ya maji kumwagika niliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, nikapima marobota kumi kutoka mzigo mwingine wa muuzaji yuleyule. La kwanza kilo 11, lililofuata kilo 16, wastani kilo 13. Kwa macho yote ni sawa. Tofauti ni jinsi mashine ilivyokaza na jinsi nyasi zilivyokauka. Kwa hiyo "marobota mawili" yalikuwa kilo 26 kwa ng'ombe watano waliohitaji karibu kilo 50.

Nimeijuaje hiyo 50? Ng'ombe hula kwa siku kati ya asilimia 2 na 3 ya uzito wake, lakini kwa hesabu ya kikavu, yaani chakula ukiondoa maji yote yaliyomo. Mimi natumia 2.5 kwa kundi zima, na kwa anayenyonyesha au kukamuliwa sana nasogea kuelekea 3. Kama huna mzani wa mifugo, chukua futi ya fundi cherehani: zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, kisha gawa kwa 10,800. Vipimo viwe kwa sentimita. Kifua 170 na urefu 145 vinakupa kama kilo 390. Si sahihi kwa gramu, lakini ni bora mara kumi kuliko kukisia kwa jicho, maana jicho la mwenye ng'ombe humnenepesha siku zote.

Mimi nilikuwa na majike watatu wa kilo 400 na mitamba wawili, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, wa kilo 250. Jumla kilo 1,700. Asilimia 2.5 yake ni kilo 42.5 za kikavu kwa siku, yaani tani 15 na nusu kwa mwaka. Hei nzuri ina kikavu kama asilimia 85, ndipo inapotoka kilo 50 kwa siku. Namba ya tani 15 ilinitoa jasho nilipoiandika mara ya kwanza. Usiogope. Sehemu kubwa ng'ombe wanajichumia wenyewe malishoni, na hapo ndipo gharama ya mwaka inapoamuliwa: ni siku ngapi wanakula mfukoni mwako badala ya shambani? Iwe ni kiangazi au baridi kali, zihesabu siku hizo kwa mwaka mbaya unaoukumbuka, usitumie mwaka mzuri. Kwangu ni 150. Mara kilo 50, napata kilo 7,500 za hei.

Bado hujafika. Kuna hei inayoliwa na kuna hei inayokanyagwa.

Nililishia chini mwaka ule. Asubuhi nilikuwa nakuta zulia la nyasi limechanganyika na mkojo na matope, jike mmoja amelalia katikati kama godoro, na hakuna aliyekuwa tayari kulamba kilichobaki. Nilikusanya cha siku moja, nikakianika na kukipima: karibu theluthi ya nilichotoa. Theluthi! Kila marobota matatu niliyonunua, moja lilikuwa mbolea ya bei ghali. Nikatengeneza hori la mbao chakavu, lenye nguzo za mlalo zinazomlazimu ng'ombe aingize kichwa tu, nikaliinua kutoka ardhini na kulipaulia. Upotevu ulishuka sana, ingawa haukuisha. Bado naweka asilimia 20 kwenye bajeti: kilo 7,500 nagawa kwa 0.8, napata 9,375. Kwa marobota ya kilo 13 ni 721. Mimi nilinunua 300.

Ukiuliza ni gharama gani ya kwanza kwa anayeanza, nitakwambia hori na paa la hei, kabla hata ya ng'ombe wa tatu. Hei iliyolowa huvunda, na iliyovunda ng'ombe huisusa, au akiila inamdhuru. Weka marobota juu ya magogo, yasiguse udongo.

Sasa kuhusu bei. Usilinganishe bei ya gunia na robota, linganisha bei ya kilo moja ya kikavu. Gawa bei ya kilo kwa sehemu ya kikavu na utaona vituko. Majani mabichi yaliyokatwa yana kikavu kama asilimia 20, kwa hiyo ukibeba kilo 100 umebeba kilo 80 za maji. Machicha ya pombe, yale mabaki ya nafaka baada ya kukamua pombe, ni hivyohivyo. Nilishawahi kushangilia machicha ya bei ya kutupa, nikasahau kwamba lori linalipwa kwa uzito, na maji nayo yana uzito. Sileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa bila hewa yakachachuka, iko kama asilimia 30. Hei ni nyepesi lakini inajaza lori upesi, kwa hiyo nayo nauli inaikuta kwa upande mwingine. Nauli iingie kwenye bei ya kilo, siku zote, hata kama gari ni la shemeji.

Mabua na majani ya mpunga yana bei nafuu na yanajaza tumbo, lakini protini yake ni ndogo. Chakula chote kikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi hulegea, ng'ombe anakula kidogo zaidi na kukonda huku hori limejaa. Hapo kilo moja au mbili za mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kwa siku hufanya kazi kubwa kuliko robota zima la nyongeza, kwa sababu zinamwezesha kuyatumia yale mabua. Majani ya mikunde yakiwepo, ni bora zaidi, kwa kuwa hayanunuliwi. Wengine huongeza urea, ile inayotumika pia kama mbolea, kwenye mabua. Inafanya kazi, lakini ikizidi au isipochanganyika vizuri inaua haraka. Mwaka wa kwanza iache mpaka aliyeizoea akuoneshe kwa mikono yake.

Pumba na vyakula vya kuchanganya ndiko wanaoanza wengi wanakofukia hela. Jike asiyekamuliwa, mwenye mwili mzuri, akiwa na malisho ya kutosha, hahitaji kindoo cha pumba kila asubuhi ili akupende. Mpe anayekamuliwa, kwa kipimo cha maziwa yake, na anayekaribia kuzaa.

Chumvi ya madini ni senti ndogo: gramu 50 hadi 100 kwa siku kwa mkubwa, yaani kati ya kilo 18 na 36 kwa mwaka. Usiikate. Maji je? Ng'ombe wa kilo 400 anaweza kunywa lita 40 hadi 60 kwa siku, na anayekamuliwa huzidisha, hasa kukiwa na joto na chakula kikiwa hei tupu. Kama unayanunua au unalipa wa kuyachota, hiyo ni gharama ya lishe, iandike hapohapo.

Na ndama. Watu husema ndama hana gharama, ananyonya tu. Lita tano kwa siku kwa siku 90 ni lita 450 ambazo hukuziuza. Sisemi umnyime, ndama aliyenyimwa utamlipia baadaye kwa miaka. Nasema ziandike kwenye daftari, zisije zikakushangaza.

Siku hizi naanza upande wa pili. Kabla ya malisho kukauka naingia ghalani, nahesabu kilo zilizopo, natoa sehemu ya tano ya upotevu, nagawa kwa siku 150, kisha nagawa kwa kilo anazokula kila ng'ombe kwa siku. Jibu likitoka wanne na zizini wako watano, mmoja anauzwa sasa akiwa na mafuta mgongoni na wanunuzi bado wana hela. Msimu uliopita aliyeondoka alikuwa mtamba niliyempenda sana, mwenye doa jeupe usoni. Nilimsindikiza hadi kwenye lori.

Lori la hei nalo likija, mizani iko mlangoni. Nachagua kumi mwenyewe, kutoka chini na katikati ya mzigo, si yale ya juu yanayosukumwa kwangu. Dereva hunung'unika, lakini wa mwisho alishuka mwenyewe akashika ndoano, akasoma: "Kumi na mbili." Tukajadili bei upya palepale, kwa kilo.