Samehe Lako, la Mwenzio Usiliguse

Nyumbani kwetu Tabora, cherehani ikianza kulia Baba Mdogo alikuwa anatoka nje. Ndivyo tulivyomjua tangu utoto. Mama Mdogo akishakaa kwenye kiti na kuvuta uzi, mzee anachukua kigoda chake anakwenda kukaa chini ya mwembe, harudi mpaka adhana ya magharibi. Tulikuwa tunasema hapendi kelele. Mtu ambaye redio yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu!

Naandika haya kwa sababu dada mmoja niliyesoma naye ana mgonjwa mahututi kama alivyokuwa Baba Mdogo siku zake za mwisho, mjomba aliyemlea, na mambo ya vita yameanza kumtoka mgonjwa kitandani. Kaniuliza amjibu nini. Nilimjibu kwa simu, vocha ikakata, nikaona bora niandike.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne. Mdogo wake akanichukua, akanisomesha, akaniozesha. Baba niliyemjua ni huyo, na humu nitamwita Baba tu.

Alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likalipuliwa, siku zilezile Mwalimu akatamka yale ya sababu, nia na uwezo, na vijana wakakusanywa mikoani. Baba alipanda treni ya Mwanza na viatu vya kuazima. Alikuwa na miaka 23. Alirudi 1979 na koti la jeshi, na kichwa cha cherehani kilichoviringishwa kwenye blanketi. Akasema amekinunua Uganda. Hapa mjini akakitafutia meza na miguu ya chuma, akaoa, na mke akawa fundi.

Cherehani hiyo ndiyo iliyotulea. Sare yangu ya darasa la kwanza ilishonwa pale. Ada ya sekondari ilitoka pale, noti za mia mia zimekunjwa ndani ya bati la majani ya chai. Baba alikuwa na shamba la tumbaku lililokuwa linamlipa mwaka huu na kumtia deni mwaka ujao. Cherehani haikuwahi kutuangusha.

Ilikuja na kikasha cha vifaa: bobini, bisibisi fupi, na kastabini ya shaba, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, ndogo, yenye vitobo vilivyoanza kufutika. Nilipokuwa na miaka tisa niliivaa kidoleni nikaenda nayo shule kujionyesha. Baba aliniona narudi nayo. Alinichapa mkanda kwa namna ambayo hakuwahi kunichapa kabla wala baadaye, na chuma cha mkanda kikanipasua juu ya jicho. Nyusi yangu ya kushoto mpaka leo imekatika katikati. Hakuniambia kosa langu. Nilidhani ni wizi.

Saratani ya tezi dume ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Tukamrudisha nyumbani na chupa ya mofini ya maji, na kama kuna jambo moja nitalisema bila kuzungukazunguka ni hili: maumivu kwanza. Watu watakuja kukwambia mofini inamharakisha mgonjwa, kwa hiyo umpe akilia tu. Usiwasikilize. Mpe kwa saa kama ulivyoelekezwa, siyo kwa kilio, na uulizie dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga. Mtu anayesaga meno hawezi kuzungumza na mkewe, seuze kutubu. Baba alianza kusema baada ya siku ya nne ya kulala usingizi.

Nilikuwa namlisha uji. Chumba cha pili Mama Mdogo anashona nguo za watu za Idi, mashine inakwenda. Mzee akasukuma kijiko. "Mwambie mama yako aache kushona."

Nikamwambia kelele zitaisha sasa hivi.

"Si kelele. Mwenyewe alikuwa mzee. Masaka, kule Uganda. Alikuwa ameikumbatia hivi." Akainua mikono miwili kifuani, mikono yenyewe imebaki mifupa. "Akawa ananiita ssebo. Ssebo, ssebo. Mimi mtoto namna ile ananiita bwana mkubwa. Nikampiga na kitako cha bunduki hapa." Akagusa shingo yake. "Akalala. Sikurudi kumwangalia."

Basi, nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu angelifanya. Nikamshika mkono nikasema, "Baba, hayo yalikuwa ya vita. Mimi nimeshakusamehe." Nikajiona nimesema neno zuri. Mzee akageukia ukutani, hakula tena siku hiyo.

Asubuhi nilipoingia kumnawisha, kabla hata sijamwamkia, akaniuliza: "Jana umenisamehe nini? Kwani nilikupora wewe?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilikosa la kusema, na siku ile ndipo nilipoanza kufikiri. Nilikuwa nimejipa mamlaka ya marehemu, kama ni marehemu, ambaye hata jina lake silijui. Nilikuwa nimegawa mali ya mtu. Na mbaya zaidi, nilikuwa nimemfungia mzee mlango: yeye kabeba kitu miaka arobaini na ushee, kaja kukitua mbele yangu, mimi namwambia hicho si kitu, ni vita tu.

Tukamwita shehe wa mtaani. Hapa kuwa mchaguzi. Kuna mashehe na mapadri wa kutoa dawa ya maneno haraka haraka, na kuna wanaojua kukaa kwenye mkeka. Huyu alikaa. Baada ya kusikiliza akasema jambo tulilosomeshwa wote madrasa tukalisahau: haki ya Mungu Mungu mwenyewe anaisamehe, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja. Ukichukua cha mtu unakirudisha. Mwenyewe hajulikani alipo, wala warithi wake? Toa thamani yake sadaka kwa niaba yake, na ubaki unamwomba Mungu amridhishe mwenzio siku ya kukutana. Hakumwambia Baba kwamba amesamehewa. Nilimwona mzee uso umelegea, kama mtu aliyeambiwa hatimaye kiasi cha deni lake.

Kaka yangu alitaka kumrekodi kwa simu, eti historia. Nikamkatalia. Kama mgonjwa hajaomba kurekodiwa, weka simu mfukoni. Tuliulizana na Baba nani ajue na nani asijue, akataja watu watatu. Wageni wengine waliokuja na michembe na pole zao walimkuta mgonjwa, hawakukuta mshitakiwa.

Mimi mwenyewe nilihitaji kujua zaidi, nikawa nauliza wazee waliokwenda vitani. Kwetu hadithi ya vita ile inaanzia Kagera: walivyouawa raia, ng'ombe walivyoswagwa, kiwanda cha sukari kilivyoharibiwa. Yote kweli. Kisha inaruka mpaka Kampala, Aprili 1979. Katikati hapo, mwishoni mwa Februari, askari wetu waliingia Masaka na Mbarara, na majengo ya miji ile yakaangushwa kwa mizinga na baruti kulipiza ya Kagera. Mzee mmoja aliponisimulia aliinamisha kichwa akaanza kuchora chini kwa fimbo. Nilisaidika kujua, kwa sababu niliacha kumwona Baba kama jini lililotokea peke yake. Lakini angalia usije ukaitumia historia kama sabuni. "Amin ndiye aliyeanza" ni kweli tupu, na haimhusu fundi yule. Fundi hakuwa Amin. Pengine na yeye alikuwa amekaa miaka minane akimwogopa Amin, akasikia wakombozi wanakuja.

Siku kama kumi kabla hajaondoka, Baba akaomba tuhalalishiane. Nikamwambia, la yule mzee tuliache pembeni, langu mimi ni hili, nikaweka kidole kwenye nyusi.

Nilidhani atauliza lipi. Wanaopiga husahau. Yeye akasema: "Ile kastabini. Kidole chako kiliingia sawasawa."

Nikanyamaza.

"Kidole cha mtu mzima hakiingii mle," akasema. "Nilikuwa sijawahi kufikiria. Mpaka nilipokiona kwako."

Kwa hiyo kulikuwa na mtoto Masaka. Mjukuu labda, anafundishwa kushona. Kwa miaka thelathini nilijua nimepigwa kwa wizi, kumbe nilipigwa kwa sababu nilimletea mtoto wa watu mlangoni.

Nikamwambia: la nyusi nimekuhalalishia, Baba, duniani na akhera. Na nililimaanisha. Lile lilikuwa langu, nilikuwa na uwezo wa kulitoa, na nilipolitoa nilihisi limetoka. Akauliza, "Na yule mzee?" Nikamwambia, "La yule sina, Baba. Siwezi kukudanganya." Akatikisa kichwa polepole. Baada ya muda akaomba uji, akanywa vijiko saba. Nilivihesabu kwa sababu alikuwa hajafikisha vitatu wiki nzima.

Huyo dada yangu wa simu aliniuliza kama si ukatili kumwambia hivyo mtu anayekufa. Nimelifikiria sana. Naona ukatili ni kumwacha aende na msamaha wa bandia anaoujua ni wa bandia. Unaweza kumwambia mtu "hili sina mamlaka nalo" huku unamgeuza ubavu asipate vidonda, unampaka mafuta visigino. Mimi sikuwahi kumnawisha kwa mapenzi kama siku zile za mwisho. Na kama wewe la kwako huliwezi bado, usilitamke kwa sababu shangazi zako wamesimama mlangoni wanalia. Mnawishe tu.

Nilichokuwa sijakitarajia ni Mama Mdogo. Baba aliniomba nimwambie mimi. Nilimwambia jikoni. Alizima moto, akaenda akaifunika mashine kwa kanga, akakaa siku tatu hashoni, na wateja wa Idi wamejaa barazani wanadai vitambaa vyao. Siku ya nne akaifunua. "Mimi sikupora," akasema. "Mimi nimeshona." Shehe akapiga hesabu ya bei ya cherehani kuukuu, tukatoa sadaka. Mama Mdogo akamuuliza: na kazi ya miaka arobaini tunaikadiria vipi? Shehe, Mungu amjalie, akasema hajui.

Serikali, kwa taarifa yako, zilishamalizana. Uganda ilimaliza kutulipa deni la vita mwaka 2007, dola milioni 67. Cherehani moja haikuwamo kwenye mahesabu hayo.

Tulimzika Baba mchana wa jua kali. Mnajua ilivyo kwenye maziko yetu, kabla watu hawajatawanyika mmoja wa familia anasimama kutangaza: kama kuna mtu anamdai marehemu, aje kwetu, deni ni letu. Kaka yangu ndiye aliyesimama. Alipofika hapo sauti ikamkauka, akarudia mara mbili. Watu wakadhani ni uchungu wa baba. Mgambo wenzake wawili waliokuwa mbele walitazama chini.

Mashine bado inashona. Mama Mdogo ana miaka 64 sasa, na macho yanaanza kumgomea kutunga uzi, anawaita watoto wa jirani wamtungie. Juzi kanipigia. Kanijulia hali, kaulizia wajukuu, kalalamikia bei ya vitambaa, halafu kabla ya kukata akauliza nauli ya basi mpaka Mutukula, mpakani na Uganda, siku hizi ni shilingi ngapi. Nikamwambia nitamuulizia stendi.