Ingia Ukumbini Hata Kama Huna Mwenyeji

Ukihamia mtaa mgeni, usingoje kualikwa. Tafuta ukumbi wa jamii ulio karibu nawe, ubishe hodi. Mimi nilipata watu wangu katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi.

Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 na mateka wa vita Waitaliano. Enzi za kupigania uhuru, wanasiasa walikutana ukumbini humo hadi watu wakauita Bunge. Mimi nilivutiwa na sauti za vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya tamthilia ya seti buku, yaani kitabu cha fasihi kinachotahiniwa shuleni, ili wakaigize shuleni. Niliingia nikakaa nyuma. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Mama mmoja aliniambia tu, "Dadangu, shika upande huo," tukasogeza benchi pamoja. Kuanzia hapo nikawa mtu wa pale.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ilikuwa sare za shule, vipimo vilevile mwaka mzima. Vijana walipojua, wakaniletea koti la mhusika anayekamatwa na polisi: walitaka mkono wa koti ung'oke jukwaani, kisha uwe mzima kwa onyesho la mchana. Nikaupiga bandi kwa uzi mwembamba, haukung'oka. Nikapunguza mishono, ukadondoka kabla ya polisi kufika! Mwishowe nikaficha vifungo vya kubana chini ya pindo la bega. Wanafunzi walipopiga kelele mkono ulipotoka, nilijua nina ubunifu ambao sare hazikuwahi kuudai. Mtu akikuhitaji, akili hufunguka.

Kwa hiyo nenda siku ileile kila wiki, watu wakuzoee. Fika mapema, viti vikipangwa, kwa sababu hapo ndipo watu huzungumza. Mazoezi yakiisha kila mtu hukimbilia matatu. Toa mchango wa maji na wa ukumbi kama wenzako, hata kama ni kiasi kidogo. Kama wewe ni mwenye haya, beba kazi ya mkono: sindano, rangi, chochote.

Na kikundi cha kwanza kisipokufaa, usiukatie tamaa ukumbi mzima. Kumbi za Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, hupokea kwaya, mabondia, wanasarakasi na vyama vya kina mama, kila kimoja na siku yake. Muulize keateka, mtunzaji wa ukumbi, akuonyeshe ratiba. Yeye ndiye mwenye funguo, na anawajua viongozi wote.