Oili chini ya Cessna 172: usianze kwa kununua sili

Mkuu, umeuliza kama matone ya oili unayoyakuta kila asubuhi chini ya 172 yako, hii ndege ndogo ya injini moja, yakuzuie kuruka. Mimi nimeishi na ndege ya hivyo miaka sita, 172M yenye injini ya Lycoming O-320 ya nguvu farasi 150.

Nilipoichukua, tumbo lote la ndege lilikuwa jeusi kwa oili. Nikajua sili (kizuizi cha oili) ya mbele ya krankshafti, mhimili unaozungusha propela, imekwisha, na pesa yangu nayo imekwisha. Fundi, mzee mmoja mtulivu, akauliza tu, "Unajaza ngapi?" Nikamjibu: kwati nane (kwati moja ni karibu lita), si ndiyo ujazo wake? Akacheka. Kitabu cha ndege kinasema usiruke ikiwa chini ya 6, na kwa safari ya chini ya saa tatu ujaze 7. Ile ya nane injini inaitema kwenye bomba la kupumulia, linalotoa hewa ya ndani ya injini nje. Kumbe nilikuwa nanunua oili ya kupaka tumbo!

Uchafu ukapungua sana, ila upande wa kulia ukaendelea kudondosha. Chini ya silinda ya tatu palikuwa pamelowa, nikabadilisha gasketi ya kifuniko cha roka (vile vyuma vinavyofungua vali). Wapi! Upepo husukuma oili nyuma, nayo yenyewe huteremka, kwa hiyo unapoiona sipo ilipotoka. Ukitafuta chanzo, panda juu, nenda mbele.

Tukaosha injini, tukaikausha, tukapuliza poda nyeupe ya miguu kwenye maungio, tukaiwasha dakika tatu boneti ikiwa wazi. Baada ya kuzima, fundi akamulika tochi: mstari mwembamba wa kahawia juu ya poda, pale bomba la kurudishia oili la silinda ya kwanza linapoingia kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini. Kuna kampira kafupi hapo kenye klampu (vibano) mbili. Kalikuwa kakavu kama biskuti, klampu unaizungusha kwa vidole. Kazi haikufika saa moja.

Bado inadondosha kidogo, sijui kama kuna Lycoming isiyodondosha. Naweka karai, nafuta tumbo kila Jumamosi ili doa jipya nilione, na kila oili ninayoongeza naiandika pamoja na saa za injini. Mimi natumia kwati moja kila baada ya saa kama tisa hivi za kuruka. Kwa fomula ya Lycoming wenyewe, kikomo cha injini yetu ni karibu nusu kwati kwa saa, ingawa mimi singengoja nifike huko.

Nisichovumilia ni oili kwenye kioo cha mbele, oili karibu na ekzosi, au mvujo uliobadilika ghafla kati ya safari mbili. Hapo ndege inalala hanga mpaka fundi aseme.

Wewe unajaza ngapi, na doa lako liko upande gani? Weka picha, ila futa kwanza, ruka mara moja, ndiyo upige.