Jukwaa likitikisika: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeniuliza kama jukwaa la juu mlilokaa Jumamosi lilitaka kuanguka, maana mashabiki walipoanza kuruka ulihisi zege likicheza chini ya viatu. Kucheza si kuanguka, mama. Jukwaa lisilocheza hata kidogo sijawahi kuliona.

Ninyi mnataka kutazama mpira bila nguzo mbele ya macho. Basi mhandisi anazirudisha nguzo nyuma, boriti inachomoza hewani ikiwa imebeba safu kadhaa za viti. Kadiri inavyochomoza ndivyo inavyonesa. Waliokaa hawamsumbui sana. Tena miili yao huumeza mtikisiko. Wanaomnyima usingizi ni wanaoruka kwa mpigo mmoja.

Nyimbo za uwanjani huwarusha watu karibu mara 2 kwa sekunde. Jukwaa nalo lina kasi yake ya asili ya kunesa. Kasi hizo zikikutana, kila mruko unaongezea ule uliotangulia, kama unavyosukuma bembea kila inapokurudia. Na kukwepa 2 hakutoshi, kwa sababu mruko huo huo unasukuma, kwa nguvu ndogo zaidi, kwenye 4 na kwenye 6. Ndiyo maana Uingereza jukwaa linalonesa juu-chini kwa zaidi ya mara 6 kwa sekunde halidaiwi hesabu nyingi za mtikisiko. Likiwa chini ya hapo halikataliwi, ila hesabu zake zifanywe kweli kweli.

Ya Nijmegen, Uholanzi, Oktoba 2021, ni habari nyingine, ya zege lililoshindwa kubeba. Mashabiki wa Vitesse walikuwa wakiruka kushangilia ushindi dhidi ya NEC, kipande cha jukwaa la zege kikapinda na kuzama chini ya miguu yao. Bahati, hakuna aliyeumia vibaya. Mtu akitua, anaipiga sakafu kwa nguvu inayoweza kuzidi mara mbili ya uzito wake, na kipande kile hakikuhimili.

Mimi nikifika uwanjani huanza kuchungulia chini ya jukwaa (baba yako hunicheka). Natazama pale vipande vya zege vinapokalia boriti: michirizi ya kutu, kona zilizomeguka, nondo zilizo wazi. Hivyo ndivyo vya kuogopa. Ukiviona, au ukiona ufa unaofunguka watu wakiruka, mwambie msimamizi aliye karibu kisha ushuke, hata kama ni dakika ya 89.

Ukienda tena nipigie picha za huko chini. Za wachezaji mtumie baba yako.

Mama