Basi lililoanza na sifuri na kuishia na sifuri

Ndugu muulizaji, unauliza umbali wa safari ya basi linaloondoka kituo cha Manzese, Dar es Salaam, kwa mchapuko (yaani badiliko la kasi) wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, kwa muda wa sekunde 12, kisha linakwenda kwa kasi ileile sekunde 20, halafu linafunga breki na kusimama baada ya sekunde 8. Wewe ukaweka kasi ya mwanzo u = 0 na kasi ya mwisho v = 0 katika v² = u² + 2as, ambamo a ni mchapuko na s ni umbali, ukapata umbali wa sifuri. Kukokotoa umekokotoa vizuri, ila kwa jibu hilo abiria wa Manzese bado yuko Manzese.

Nami nilikwama hapohapo nikiwa kidato cha tatu, na lililonikwamua ni basi la mwendokasi la Barabara ya Morogoro, nililokuwa nikilipanda nimesimama kutoka Kimara. Basi likiondoka, mwili unalalia nyuma. Likishika kasi, unasimama wima. Likifunga breki, unalalia mbele. Hiyo ni michapuko mitatu, ilhali mlinganyo wako unadai mmoja tu usiobadilika, kwa hiyo kila kipande cha safari hupigiwa hesabu yake.

Mimi huanza na grafu ya kasi na muda kabla ya kugusa mlinganyo wowote. Mstari unapanda hadi mita 12 kwa sekunde, unalala, kisha unashuka hadi sifuri. Mteremko wake ndio mchapuko, yaani 1, 0 na −1.5, na eneo lililo chini yake ndilo umbali: 72, 240 na 48, jumla mita 360. Hata s = ut + ½at² (t ni muda), ambayo wengi wetu tuliikariri kama shairi, ni eneo hilohilo: ut ni mstatili, na ½at² ni pembetatu iliyoketi juu yake.

Grafu ya umbali na muda ndiyo inayowaponza wengi. Inaanza kwa kujipinda kwenda juu, inanyooka, kisha inajipinda tena hadi kulala, bila kona popote, kwa kuwa kasi ya basi hairuki ghafla. Katika kipande cha breki wanafunzi ninaowafundisha jioni huichora ikishuka, nami huwauliza ni dereva gani huyo anayerudi Manzese kinyumenyume.